Nilifunga injini ya mashine ya kufyekea nyasi kwenye baiskeli ili nipeleke oda. Hesabu yake hii hapa

Leo sizungumzii picha za bidhaa wala namna ya kumjibu mteja anayeuliza bei halafu anapotea. Nazungumzia usafiri, maana kwa sisi tunaouzia kwenye simu hapo ndo faida inapovujia.

Mimi nauza vyombo vya nyumbani hapa Shinyanga mjini. Chupa za chai, hotpoti, seti za glasi, sahani. Duka ni chumba kimoja, ila wateja wengi wananiona kwenye statasi ya WhatsApp, hawajawahi hata kuingia dukani. Kwa wiki nilikuwa na safari kama 18 za kupeleka mzigo: Ngokolo, Lubaga, Kizumbi, wengine mbali zaidi. Bodaboda kwa wastani 2,000. Zidisha mwenyewe, ni 36,000 kwa wiki. Na mteja wa hapa ukimwambia alipie usafiri anakwambia "basi nitapita mwenyewe", ndo humuoni tena. Kwa hiyo nilikuwa nalipa mimi.

Pikipiki sikuwa na hela yake. Baiskeli nilikuwa nayo, Phoenix ya marehemu baba, ile ya breki za vyuma. Siku moja fundi mmoja jirani akawa anauza mashine ya kufyekea nyasi kwa 130,000. Mti wake ulikuwa umepinda, lakini injini nzima, sisi 52. Nikaona akili imenijia. Kumbe akili yenyewe ilikuwa nusu, nusu nyingine nilikuja kuilipia baadaye.

Wazo lenyewe si geni. Soichiro Honda, yule ambaye jina lake liko kwenye pikipiki, mwaka 1946 huko Japani alianza kwa kufunga kwenye baiskeli injini ndogo zilizokuwa zikiendesha jenereta za redio za jeshi, zilizobaki baada ya vita. Mwaka huohuo Wafaransa wakaanza kuuza VéloSolex, baiskeli yenye kainjini juu ya tairi la mbele. Injini inazungusha rola, rola inasugua tairi, tairi linakwenda. Hakuna cheni ya injini wala giaboksi. Waliitengeneza hivyo Ufaransa mpaka 1988. Mimi nilifuata njia hiyo ya rola, ila nikaiweka nyuma, maana mbele nabeba mzigo kwenye kikapu.

Sasa twende taratibu hapa, maana wengi wanaojaribu wanakosea hapahapa, na mimi nilikosea.

Injini ya kufyekea nyasi ina kasi sana lakini haina nguvu ya kusukuma. Ikifanya kazi vizuri inazunguka kama mara 6,500 kwa dakika. Tairi la Phoenix, lile la inchi 28, likizunguka mara moja linasogea mita 2.2 hivi. Ukitaka uende kilomita 25 kwa saa, tairi linatakiwa lizunguke kama mara 190 tu kwa dakika. Umeona tofauti? 6,500 kwa 190. Yaani injini izunguke mara 34 ndo tairi lizunguke mara moja. Hiyo tofauti ndo inabadilisha kasi kuwa nguvu. Ukiiacha, injini inalia tu, baiskeli haitoki.

Kwenye mfumo wa rola, tofauti hiyo inapatikana kwa unene wa rola. Tairi lina upana wa sentimita 71 hivi kutoka ukingo hadi ukingo. Rola ikiwa na sentimita mbili na nusu, unapata injini mara 28 kwa tairi mara moja. Ndogo zaidi, nguvu zaidi, mwendo unapungua. Mimi mara ya kwanza nilimwambia fundi anayekereza vyuma anitengenezee rola ya sentimita tano. Kichwani nilijua kitu kinene ndo kina nguvu. Aisee, nilichoma klachi. Nilipanda, nikapiga resi, injini ikalia, baiskeli ikasogea kama inavutwa na mtu aliyechoka, halafu harufu ya kuungua ikaanza. Kwa hesabu, rola ile ilikuwa inataka kunipeleka kilomita 60 kwa saa, na injini ya kufyekea nyasi haiwezi hilo ikiwa na mtu na kikapu cha hotpoti. Nikarudi kwa fundi. Akacheka, akanikerezea ya sentimita mbili na nusu, akaniambia nimlipe moja tu. Namshukuru mpaka leo.

Kuhusu klachi, hizi mashine zina kitu kizuri. Ndani kuna viatu viwili vya klachi vilivyoshikwa na springi. Injini ikinguruma taratibu, viatu vinabaki vimejikunja, baiskeli imesimama. Ukipiga resi vinatanuka kwa mzunguko wenyewe, vinashika ngoma ya klachi, safari inaanza. Huhitaji mkono wa klachi. Lakini usiondokee hapo kwa injini peke yake. Kanyaga pedeli kwanza, baiskeli ishike mwendo, ndo upige resi. Ukiifanya injini ndogo ianze na mzigo kutoka sifuri kila mara, viatu vinaisha kama sabuni.

Kosa langu la pili lilikuwa kuning'iniza rola upande mmoja. Niliiunga kwenye ngoma ya klachi, upande wa pili ikabaki hewani. Siku ya nne beringi ya ngoma ikafa. Rola inakandamizwa kwenye tairi muda wote, lazima ishikwe pande zote mbili, beringi huku na beringi huku, kwenye kifremu cha chuma kizito. Chuma chembamba kinatetemeka mpaka kinapasuka kwenye weldi. Na kila nati weka washa ya springi, maana injini hii inatikisika vibaya. Siku za mwanzo nilikuwa natoka Kizumbi nikifika mjini nina nati pungufu mbili.

Mafuta ni ya kuchanganya. Injini yangu kitabu chake kilisema 25 kwa 1, maana yake lita moja ya petroli na mililita 40 za oili ya injini za aina hiyo. Nyingine zinataka 50 kwa 1, mililita 20, kwa hiyo soma ya kwako, usisome ya kwangu. Ukisahau oili, pistoni inanata kwenye silinda na injini imekufa. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, usipime kwa kifuniko cha chupa ya maji.

Bomba la moshi liangalie nje, mbali na mguu na mbali na tangi. Nina kovu kwenye ndama ya mguu wa kulia, sihitaji kueleza zaidi.

Kwa hiyo jumla ilikwendaje? Injini 130,000. Vyuma na kuchomelea 35,000. Kukereza rola 15,000. Beringi mbili 12,000. Kebo, nati na washa 9,000. Breki mpya za mpira na nyaya zake 32,000. Tairi jipya la nyuma 18,000. Ukijumlisha ni 251,000. Kwa wiki nilikuwa natumia lita mbili, na oili, kama 7,000. Toa kwenye 36,000 za boda, nabaki na 29,000. Nikajiambia wiki ya tisa hela yangu imerudi, kuanzia hapo nakula faida. Nilimwonyesha mama daftari. Akauliza, "Na likiharibika?" Nikamwambia, "Mama, ni baiskeli tu."

Sasa zile breki. Ziko kwenye hesabu hapo juu, lakini sikuzifunga mwanzoni. Nilizifunga baada ya ajali, na nataka ulisome hili hata kama mengine yote umeyaruka.

Phoenix ilitengenezwa kwa mwendo wa miguu, kilomita 12, 15 kwa saa. Mimi nilikuwa naipeleka 30. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama hauzidi mara mbili, unazidi mara nne kwa breki zilezile. Kama ulikuwa unasimama kwa mita tatu, sasa unataka 12. Bado hujaweka mzigo. Hilo la mara nne tulifundishwa kidato cha tatu, mimi nikalikariri kwa ajili ya mtihani tu.

Ilikuwa Jumamosi, mteja alikuwa na sherehe, anataka seti ya glasi na chupa mbili za chai kabla ya saa nane. Nilikuwa na wateja dukani, nikamwambia mdogo wangu apeleke. Ana miaka 17. Kebo ya resi ilikuwa imeanza kuchanika, mimi naijua, nikasema nitaibadilisha jioni. Njiani ikanasa. Injini ikabaki juu, haishuki. Ile mashine ikiwa ya kufyekea nyasi ina swichi ya kuzimia palepale kwenye mkono, kidole gumba kinaifikia. Mimi niliihamishia kwenye injini huko nyuma, eti waya ulikuwa mfupi. Kwa hiyo dogo akawa anakwenda, breki zinasugua bila kushika, na swichi ya kuzimia iko nyuma ya makalio yake.

Alichagua lundo la mchanga mbele ya nyumba inayojengwa. Akarukia humo na kila kitu. Alichubuka mkono na goti, meno yote yapo, namshukuru Mungu. Glasi zote zilivunjika, chupa moja ya chai ikapona. Aliporudi anakokota baiskeli, kitu cha kwanza aliniambia ni "Kaka, samahani glasi." Mimi ndo niliyekuwa na deni la samahani, na ilinichukua mpaka usiku kulitoa.

Baada ya hapo nikafunga breki mpya, kebo mpya, na swichi kwenye mkono wa usukani. Ilikuwa nzuri sasa. Ilikwenda tena wiki kadhaa bila shida. Halafu askari wa barabarani akanisimamisha. Hakunifokea. Aliniuliza tu, namba iko wapi, leseni, bima? Nikamwambia, afande, hii baiskeli. Akanionyesha injini kwa kidole. Kisheria, ukishaweka injini na ukaingia barabarani, hicho ni chombo cha moto, na chombo cha moto kinatakiwa kisajiliwe, kiwe na bima, na anayekiendesha awe na leseni. Akaniuliza, "Ukimgonga mtoto wa mtu hapa, nani analipa?" Akaniruhusu niondoke nikikanyaga pedeli.

Swali lake liliniingia kuliko faini. Nikarudi kwenye daftari, nikaandika mambo ambayo sikumwonyesha mama. Kwa wiki 11 rola ilikuwa imekula matairi mawili zaidi, 36,000. Mvua ikinyesha kidogo inateleza, nikifunga kwa nguvu isiteleze, inakula tairi haraka zaidi. Spoku na kunyoosha rimu 14,000. Viatu vya klachi 10,000. Vyombo vilivyovunjika 47,000. Hiyo ni 107,000. Nilichookoa kwenye boda kwa wiki hizo 11 ni 319,000. Toa, inabaki 212,000, na mimi niliweka 251,000. Bado nilikuwa chini kwa 39,000. Na hapo sijaweka saa zangu. Nikiwa barabarani simu siipokei, na oda ya simu usipojibu ndani ya dakika kumi mtu ameshamuuliza muuzaji mwingine.

Kama unaishi shambani, una njia zako ndani ya eneo lako, unavuta maji au mavuno, jenga. Fuata vipimo nilivyoandika, anza na breki na swichi ya kuzimia kabla hata hujanunua injini. Kwa kupeleka oda mjini, mimi nimeifungua.

Injini nilinunulia mti mwingine wa mtumba, 40,000, ikarudi kufyeka nyasi. Mdogo wangu anafyeka viwanja vya watu siku za wikendi, tunagawana, na ndani ya mwezi mmoja ilikuwa imerudisha ile 39,000 na bei ya mti. Phoenix imebaki na breki zake mpya. Oda za Ngokolo na Lubaga napeleka Jumanne na Ijumaa kwa miguu yangu mwenyewe, nawaambia wateja siku mapema kwenye statasi. Anayetaka leoleo analipia boda. Nilidhani watakimbia. Wawili tu ndo walikimbia, na mmoja amesharudi, anataka hotpoti la lita tano.