Homa ya mutoto wa SS haingojee kesho

Sisi tuliosoma, simu ya usiku tunaijua: "Mutoto eko na homa, we ulisoma, tufanye nini?" Kama mutoto ule ni SS, jibu lako linaweza kumuokoa ao kumupoteza.

Mu Kolwezi, toka Manika mpaka Dilala, kila mutu anajua kriz ya SS: mifupa inauma, macho inakuwa manjano, damu inaisha. Lakini kitu kinauwa batoto bengi ba SS mbele ya miaka 5 mara nyingi ni mikrobe mu damu.

Sababu njo hii. Globili nyekundu za SS zinajikunja sawa mundu na kuziba mishipa midogo. Sehemu moja inayoharibika mapema ni bandama, ile tunazoea kuita la rate. Kazi yake ni kuchuja damu na kukamata mikrobe. Ikikufa, pneumokoki inapita bila mulinzi. Mutoto anacheza asubuhi, mangaribi hajitambue tena.

Ku Kilifi, Kenya, utafiti uliotoka mu 2009 ulionyesha kama hatari ya mikrobe mu damu kwa batoto ba SS inapita ya bengine karibu mara 26. Pneumokoki, salmonela na hemofilusi njo zilikuwa mbele.

Mutego yetu ni malaria. Homa inakuja, tunapima, iko pozitifu, tunachukua dawa, tunarudi ku nyumba. Lakini malaria na mikrobe vinaweza kuwa pamoja mu damu moja. Kwa mutoto wa SS, homa ya 38,5 ni ya lopitalo siku ile ile. Neno la kwanza kwa munganga: "Ni SS." Antibiotiki inaanza mbele ya matokeo yote kutoka. Na kama mufupa mumoja unavimba na homa haishuke, usiseme "ni kriz tu": salmonela inapenda kuingia mu mifupa.

Kuzuia kunawezekana. Mu 1986, Marekani, bamunganga balitoa matokeo ya batoto 215 ba SS. Ku 105 balipata penisilini kila siku, 2 tu balipata maambukizo makali ya pneumokoki. Ku 110 hawakupata, ni 13, na 3 balikufa. Tangu hapo penisilini inapewa mara 2 kwa siku, kuanzia miezi 2 ao 3 ya maisha mpaka miaka 5. Ni dawa ya zamani, si ya batajiri. Chanjo ya pneumokoki nayo iko mu kalenda ya Kongo tangu 2011. Usiache mutoto akose hata doze moja.

Lakini hii yote inaomba kitu kimoja: kujua kama mutoto ni SS mbele ya homa ya kwanza. Bazazi bengi banajua paka kisha kriz kubwa. Kama we ni AS na mwenzako ni AS, kila mimba iko na nafasi 1 ku 4 ya kuzaa SS. Kupima elektroforezi si kuvunja ndoa. Ni kujua mutoto gani atapimwa mapema, atapewa penisilini, na homa yake haitangojea asubuhi.

Leo uliza kwenu: nani ni SS, na nani anashika penisilini yake?