Siasa Ikiyumba, Chungu Nacho Huyumba

Wengi wetu akina mama tumezoea kuwaachia akina baba mazungumzo ya siasa. Sisi tunashughulika na watoto, shamba na jiko. Hata hivyo, amani ya nchi ikitikisika, ajira hutikisika mapema, na njaa haimwulizi mtu alikipigia kura chama gani.

Sisi wa Nyegina, na mkoa wote wa Mara, ni majirani wa Kenya. Basi tuyatazame yaliyowapata wenzetu. Walipiga kura Desemba 27, 2007. Matokeo yalipotangazwa siku tatu baadaye, ghasia zilizuka. Watu zaidi ya 1,100 walikufa na mamia ya maelfu wakayahama makazi yao. Reli iendayo Uganda iling'olewa pale Kibera, malori yakakwama njiani, na Uganda na Rwanda, zisizohusika na ugomvi ule, zikapungukiwa mafuta. Watalii waliondoka, hoteli za pwani zikapunguza wafanyakazi. Huko Naivasha, wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua walikimbia.

Uchumi wa Kenya, uliokua kwa karibu asilimia 7 mwaka 2007, ulikua kwa chini ya asilimia 2 mwaka 2008. Ukame na msukosuko wa fedha duniani ulichangia, lakini ghasia ndizo zilizotangulia. Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mapatano Februari 28, 2008. Kazi zilizopotea hazikurudi kwa sahihi hiyo.

Kwa nini ajira hupotea hata mahali ambapo hakuna jiwe lililorushwa? Kwa sababu mwenye mtaji huogopa. Aliyetaka kujenga duka husema, "Tungoje kwanza uchaguzi upite." Fundi mwashi hukosa kazi, kibarua wake pia, na mama ntilie aliyewauzia ugali hubaki na sufuria iliyojaa.

Hata hapa Tanzania tumeonja. Vurugu za uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 zilileta vifo, amri ya kutotoka nje usiku jijini Dar es Salaam, na intaneti kuzimwa kwa siku kadhaa. Anayekula kwa kibarua cha leo hawezi kungoja siku hizo zipite.

Sisi wauguzi tunaufahamu mwisho wa safari hiyo. Baba akikosa kazi, milo hupungua. Mama mjamzito hujinyima ili watoto wale, damu yake hupungua, na nauli ya kliniki hukosekana.

Tufanye nini basi? Kwanza, tuweke akiba katika vikundi vyetu, hata ikiwa ndogo, maana akiba haiozi. Pili, tusitegemee mshahara mmoja: mihogo, mtama, mboga na kuku wachache huivusha nyumba wakati mgumu. Tatu, tuzungumze na vijana wetu. Kijana asiye na kazi hurubuniwa kwa urahisi. Ajue kudai haki yake bila kumdhuru jirani.

Na wanaokuja kuomba kura zetu, tuwaulize maswali mawili: Utawapatiaje vijana wetu kazi? Na ukishindwa kwa haki, utakubali? Asiyeweza kulijibu la pili, hata ahadi yake ya kazi tuipime vizuri.