Ugonjwa Unaojificha Daktari Akitazama

Hapana shaka wengi wenu mmekwisha kuguswa na upupu. Sasa mfikirini mtu avimbaye mabaka ya kuwasha karibu kila siku, wala hakugusa upupu wowote. Ugonjwa huo huitwa urtikaria, jina lililotokana na neno la Kilatini la mmea mmoja uwashao wa Ulaya. Ukipita majuma 6 huhesabiwa kuwa wa kudumu.

Mimi niliugua miaka miwili bila kujua jina lake. Nilikuwa na miaka 16. Usiku mabaka yalinitoka mapajani na tumboni, mengine mapana kama kiganja, nikajikuna hata wenzangu bwenini wakalalamika. Asubuhi nilipofika kwa muuguzi ngozi ilikuwa safi kama ya mtoto mchanga. Alinitazama, akaitazama saa yake, akaniuliza ni mtihani gani niliokuwa nikiukimbia.

Hapo ndipo ilipo shida yote. Baka moja kwa kawaida halidumu saa 24. Hupotea bila alama, na jingine huzuka penginepo. Mgonjwa husimulia, mganga haoni kitu. Tena katika ngozi nyeusi kama zetu wekundu hauonekani vizuri, ilhali picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe.

Basi kila mtu akakisia lake. Nilitibiwa upele, nikapewa dawa ya minyoo mara tatu. Shangazi alinikataza mayai, samaki na karanga. Nikakonda, mabaka yakabaki. Jirani alisema nimerogwa. Bwenini nilihamishiwa kitanda cha pembeni, ingawa ugonjwa huu hauambukizi hata kidogo.

Ukweli ni kwamba urtikaria ya kudumu ni nadra kuletwa na chakula. Ndani ya ngozi mna seli fulani, alizozieleza Paul Ehrlich mwaka 1878, zenye akiba ya histamini. Mara nyingi kinga ya mwili yenyewe huzichokoza seli hizo. Zikimwaga histamini, mishipa midogo huvuja maji, na ngozi huvimba na kuwasha.

Hatimaye daktari mmoja wa mjini hakudai kuyaona mabaka. Aliuliza tu: huja lini, hukaa saa ngapi, huacha alama? Akaniambia nilizungushie baka wino wa kalamu, nitazame kesho yake, na nitafute mtu wa kulipiga picha. Simu haziruhusiwi kwetu, lakini mwalimu wa zamu alikubali kuamshwa saa nane ya usiku, nami namshukuru mpaka leo. Kesho yake duara la wino lilikuwapo, baka halipo. Lingalikaa zaidi ya siku nzima na kuacha weusi kama wa kipigo, angalishuku ugonjwa wa mishipa ya damu.

Alinipa setirizini, kidonge kimoja kila siku, niwashwe nisiwashwe. Wengine huongezewa na daktari hata mara nne. Iko pia sindano ya omalizumabu, iliyokubaliwa kwa ugonjwa huu Ulaya na Marekani mwaka 2014, lakini ni ghali mno. Ila ulimi au koo likivimba na pumzi ikawa ya shida, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.

Likizo ile nilimwonyesha shangazi karatasi yenye jina la ugonjwa. Aliisoma polepole, akaenda jikoni, akanikaangia mayai mawili.