Jina la DDNS Lipo, Kamera Haionekani: Kweli au Si Kweli?

“Ukishasajili jina la DDNS, utaona kamera za nyumbani popote ulipo.”
Si kweli. DDNS ina kazi moja: anwani ya IP ya nyumbani ikibadilika, ruta hutoa taarifa na jina lako huelekezwa kwenye anwani mpya. Kupitisha wageni ni kazi nyingine. Lazima uipangie ruta kwamba anayebisha poti fulani apelekwe kwenye kifaa fulani.

“Poti zikipangwa vizuri, lazima itakubali.”
Si kweli, na hapa ndipo wanapokwama wengi wenye ruta za laini ya simu, hata kama fundi ni hodari. Anwani za IPv4 ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, hazitoshi. Kampuni nyingi za simu hurundika wateja nyuma ya anwani moja ya umma, mpango uitwao CGNAT. Ni sanduku la posta la shule: barua isiyo na jina la mwanafunzi inaishia ofisini. Jina lako litafika kwenye anwani ya kampuni, si kwako.

Kupima ni rahisi. Tazama anwani ya WAN (upande wa nje) ndani ya ruta, ilinganishe na ile inayotajwa na tovuti za kuonyesha IP. Zikitofautiana, kuna NAT nyingine (mfumo wa kugawana anwani moja) mbele yako. Anwani ya WAN ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, hilo ni fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa CGNAT. Omba anwani ya umma, au tumia Tailscale, huduma ya VPN ambayo haihitaji kufunguliwa poti.

“Nimejaribu kwa Wi-Fi ya sebuleni ikagoma, basi DDNS ni mbovu.”
Si lazima. Baadhi ya ruta hazikubali kuitwa kwa jina la nje kutoka ndani. Jaribu kwa data ya simu.

“Jina langu silitangazi, niko salama.”
Hapana! Wavamizi hupekua anwani namba kwa namba. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta zilizobaki na nywila za kiwandani. Oktoba 21 vifaa hivyo vikaishambulia Dyn, kampuni iliyojulikana kwa huduma yake ya DDNS, DynDNS, na Twitter ikayumba. Badili nywila, ufunge poti za kamera, uingie kwa VPN ya WireGuard.

“DDNS ni ya kulipia.”
Si kweli. DuckDNS ni bure. No-IP nayo ina majina ya bure, ila uyathibitishe kila baada ya siku 30.