Reli ya Kati: Je, Kusafiri Ndiko Kuendelea?

Mara nyingi tunasikia kwamba reli ilileta maendeleo. Kauli hiyo ina ukweli, lakini tukiitazama historia ya Reli ya Kati nchini Tanzania, tunalazimika kuuliza: maendeleo ya wapi, na ya nani?

Kabla ya reli, biashara ya bara ilikwenda kwa miguu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya takriban kilo 30 kila mmoja kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga reli, lakini walianzia Dar es Salaam, makao makuu yao yenye bandari nzuri zaidi. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914.

Bagamoyo ikapoa. Ujiji, mji mkongwe wa Ziwa Tanganyika, ukapitwa na jirani yake Kigoma. Upagazi wa safari ndefu ukakosa soko. Kumbe reli haikukuza nchi yote kwa usawa. Ilikuza vituo vyake.

Na watu je? Wakati wa Waingereza, vijana wengi wa Kigoma walipanda treni kwenda mashamba ya mkonge mashariki mwa nchi. Waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa. Walisafiri zaidi ya kilomita 1,000, lakini kwa ujira mdogo, na mkoa wao ukabaki kuwa chimbuko la vibarua. Ndani ya reli yenyewe, vyeo vya juu vilikuwa vya Wazungu, Wahindi wengi walikuwa makarani na mafundi, na Waafrika wengi walibaki kazi za chini.

Hata hivyo, reli iliwakutanisha wafanyakazi wa makabila mengi. Waliunda chama chao, na mwaka 1960 waligoma kwa wiki nyingi wakidai mishahara bora.

Katika falsafa tunatofautisha sharti na kisababishi. Reli ilikuwa sharti: iliwezesha watu kufika na kukutana. Kilichoinua hali yao ni ujuzi, umoja na haki katika ujira.

Leo treni ya umeme inafika Dodoma kwa saa chache. Tunafurahi. Lakini tusihesabu abiria tu. Tuulize pia nani anajifunza kuiendesha na kuitengeneza, na nani amebaki pembeni ya reli akiitazama ikipita.