Fahamu: Kontena hujuaje kumbukumbu inayotumia?

Kiini cha Linux huhesabu matumizi ya kila kontena kupitia cgroups, mfumo ulioanzishwa na wahandisi wa Google mwaka 2006 na kuingizwa katika Linux 2.6.24 mwaka 2008. Hesabu hizo husomwa kama faili za kawaida ndani ya /sys/fs/cgroup, ingawa hazimo kwenye diski: kiini huzitunga papo hapo zinaposomwa. Katika toleo la pili la cgroups, memory.current huonyesha baiti zinazotumika sasa, na memory.max huonyesha kikomo.

Tatizo kubwa liko kwenye /proc/meminfo, inayoonyesha kumbukumbu ya mashine nzima. Programu iliyopewa gigabaiti 2 kwenye seva yenye 64 huona zote 64, ikajitanua kupita kikomo, na kiini kikaiua. Zana ya LXCFS huziba pengo hilo kwa kuweka mahali pa /proc/meminfo faili yenye takwimu za kontena husika. Pasipo na LXCFS, programu isome memory.max.