KINYESI KINAWEZA KUWA MBOLEA, LAKINI USIKIMBILIE

Ukisikia watu wanasema kinyesi ni mali, pengine utacheka na kuziba pua. Lakini jambo hili si geni duniani. Hebu tuangalie lilivyoanza, lilivyobadilika, na sisi wakaaji wa kambi tufanye nini.

Zamani ilikuwaje?

Nchini Japani, mji wa Tokyo zamani uliitwa Edo. Wakulima wa vijiji vya jirani walikwenda mjini kununua kinyesi ili warutubishe mashamba. Mwenye nyumba za kupangisha alipata fedha kutokana na choo cha wapangaji wake!

Huko London nako, wachota vyoo walifanya kazi usiku na kuwauzia wakulima. Vyoo vya kuvuta kwa maji vilipoenea, uchafu ulikwenda moja kwa moja katika mto Thames, na watu walikunywa maji ya mto huo huo. Kipindupindu kikaua maelfu. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kuwa wagonjwa wengi wa mtaa mmoja walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja. Mwaka 1858 mto ulinuka hata wabunge wakashindwa kufanya kazi, ndipo ikaamuliwa yajengwe mabomba makubwa ya uchafu chini ya ardhi.

Na kwetu?

Wazee wetu wanaikumbuka Goma, Julai 1994. Mamia ya maelfu ya watu walifika kwa siku chache. Ardhi ni mawe ya volkano, kuchimba vyoo kulikuwa kugumu sana, na watu walichota maji ziwa Kivu. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu katika wiki chache. Mei 2015 kipindupindu kilizuka tena Kagunga, kando ya ziwa Tanganyika, miongoni mwa wakimbizi waliotoka Burundi.

Kutokana na majanga kama ya Goma, mashirika yaliweka viwango. Mwanzoni mwa dharura, choo kimoja kwa watu 50. Hali ikitulia, choo kimoja kwa watu 20, na bora zaidi kila familia iwe na chake. Choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisima.

Siku hizi

Kinyesi kimeanza tena kutumika, ila kwa utaalamu. Mjini Naivasha, Kenya, kimechomwa kwa joto la jua kuua vijidudu, kikachanganywa na mabaki mengine na kufanywa makaa ya kupikia. Nchini Zimbabwe wamebuni choo cha kupanda mti. Shimo ni fupi, kama mita 1. Kila mara unamwaga majivu, udongo na majani makavu. Likikaribia kujaa, kibanda kinahamishiwa shimo jingine, lile la kwanza linafunikwa kwa udongo mzuri, kisha unapandwa mti juu yake, kwa mfano mpapai. Hakuna anayeshika kinyesi.

Hatari iko wapi?

Shida yetu ni haraka. Vyoo vinajaa, mbolea ya dukani ni ghali, na mtu anaona bora achote shimo amwage kwenye mchicha. Usifanye hivyo! Mayai ya minyoo hukaa hai kwenye udongo miezi mingi. Mtoto anayecheza bustanini, au anayekula mboga isiyopikwa, ndiye atakayeumwa.

Mambo ya kushika:

1. Shimo likijaa lifunikwe. Lisiongezwe kitu, lisifunguliwe kabla ya mwaka 1 kupita, na miaka 2 ni salama zaidi.
2. Usichimbe wala kuchota shimo bila kumwona kwanza mtumishi wa afya.
3. Mbolea iliyokomaa weka kwenye miti na mahindi, si kwenye nyanya wala mboga za kuliwa mbichi.
4. Kinyesi cha mtoto nacho kina vijidudu. Kitupwe chooni.
5. Weka kibuyu chirizi na sabuni, au majivu, mlangoni mwa choo.
6. Taka za jikoni zioze peke yake. Maganda na majani hutoa mbolea kwa miezi michache tu, bila hatari hiyo.

Ndugu msomaji, kama choo chenu kinakaribia kujaa, usingoje kimwagike. Mwambie mtumishi wa afya wa mtaa wako wiki hii.

Kinga ni bora kuliko tiba.